Mume Wangu Dobi na Ngozi Iliyobana

Mume wangu ni dobi, na mimi ndiye ninayepiga pasi. Yeye yuko uani kwenye maji, mimi niko chumba cha mbele kwenye moto, na kati yetu kuna shuka. Ni shuka za nyumba za wageni, za wapangaji wa ghorofani, za watu ambao hatujawahi kuwaona hata sura. Zinafika kwake na madoa ya chai na wanja, zinatoka nyeupe mpaka unafumba macho. Mtaani wanamwita Povu, na hata marehemu mama yake alikuwa akimwita hivyo hivyo, akisahau jina alilompa mwenyewe.

Ninapopiga pasi huwa naota. Sisinzii, na sijawahi kuunguza nguo ya mtu. Mikono inaendelea na kazi yake, lakini mvuke ukishanipanda usoni naondoka taratibu, naingia kwenye vyumba vya wenye shuka. Naona mapazia yao, naona ni nani huvuta blanketi lote upande wake. Foronya nazo zina maneno. Nyumba iliyokuwa ikileta foronya mbili ikianza kuleta moja, ujue huko kuna msiba au kuna ugomvi. Kwetu zilikuja zote mbili, ila kila moja kwa njia yake: yangu na shuka za kitandani, yake imeviringishwa ndani ya matambara ya stoo. Povu alikuwa amehamia stoo, akilala juu ya marobota ya nguo za watu, na alikuwa hajaniambia kwa nini.

Mimi sipendi hadithi za kufichaficha, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha pabaya. Kwa hiyo nitasema sasa hivi kilichokuwa kinamsumbua, ingawa mwenyewe nilikuja kukijua baadaye sana. Mume wangu hakutahiriwa, na tulipooana hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Ile ngozi ya mbele ya uume ilikuwa inarudi nyuma na kwenda mbele bila shida. Kisha ukaja muwasho, wekundu, na uchafu mweupe chini ya ngozi. Mtu mwingine angekwenda kituo cha afya. Yeye ni dobi, na dobi akiona uchafu anajua dawa moja tu. Alianza kujiosha kwa ile sabuni kali tunayofulia kola za mashati, asubuhi na jioni, akifikicha kweli kweli. Ngozi ikachanika, ikapona, ikachanika tena. Kila ilipopona iliacha kovu, na kila kovu lililifanya tundu la mbele liwe jembamba zaidi. Mwisho ikabana kabisa, ikawa haivutiki. Akikojoa, mkojo unajaa kwanza ndani ya ngozi ndipo utoke. Akija kwangu kitandani, inamchana. Ndiyo maana akanikimbia.

Mimi nilidhani ana mwanamke. Nilinusa mashati yake, lakini mke wa dobi akinusa shati la mumewe ananusa sabuni tu, hata kama mume ametoka kulala na malkia. Nilimwangalia anavyotembea. Nilimwangalia anavyokaa, upande upande. Kwenye karai alikuwa mchangamfu kama kawaida, anayabembeleza madoa, "Toka mama, toka taratibu, usiniaibishe." Doa la mafuta lilikuwa likiongeleshwa kuliko mimi.

"Nimekukosea nini?" nilimuuliza.

"Hujanikosea kitu, mke wangu."

"Basi kuna nini?"

"Kazi zimekuwa nyingi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, msimu wa jua na msimu wa mvua. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Hakuwahi kunifokea, hakuninyima chochote, aliniamkia vizuri, alininunulia viatu. Alikuwa tu haniambii kitu. Mdogo wangu ana duka la mapazia mji mwingine, na alikuwa akiniita siku zote nikamsaidie kushona. Nikaamua nitakwenda. Si kwenda kutembea, kwenda moja kwa moja. Nilifunga mkoba wangu, nikausukuma chini ya meza ya pasi, nikawa nasubiri siku moyo utakaponiruhusu kusema.

Siku yenyewe ilikuwa na jua jeupe na upepo mdogo. Kwenye ubao wa uani kulikuwa na sweta ya sufu ya mwalimu mmoja, iliyokuwa imenywea kwa kufuliwa na maji ya moto mpaka ikawatosha watoto tu. Povu ni fundi wa kufufua sweta za namna hiyo, na watu humletea kutoka mbali. Huiloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini mpaka sufu ilegee. Huikandamiza ndani ya taulo bila kuikamua. Kisha huivuta kidogo kidogo, huku na huku, mpaka irudi saizi yake, na hapo huibana ubaoni kwa pini na kuiacha. Siri iko kwenye kuiacha. Ukiivuta halafu ukaiachia, inarudi ilikotoka. Ikikauka ikiwa imevutwa, inabaki hivyo hivyo.

Nilimwona kwa dirisha akiiangalia ile sweta muda mrefu, mikono kiunoni, mdomo wazi kidogo. Nikafikiri anaota kama mimi, na nikamwonea huruma, maana kwenye ndoa yetu kuota ilikuwa kazi yangu. Kisha akajaza maji ya vuguvugu kwenye beseni dogo, akaingia nalo bafuni. Mimi nikarudi kwenye mvuke wangu. Ninawaza, kama ningeacha pasi na kumfuata, angenifungulia mlango? Asingenifungulia. Alikuwa anajikaza kisabuni, na mtu wa hivyo humwokoi kwa kugonga mlango.

Mle bafuni mume wangu alifanya alichokuwa anakijua. Alijiloweka. Alisubiri ngozi ilegee. Akaanza kuivuta nyuma, kidogo kidogo, meno yameumana, mpaka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ikapita, ikavuka kichwa, ikakaa nyuma yake. Alifurahi, masikini. Alitaka kupiga kelele za furaha. Na badala ya kuirudisha mbele, akaiacha pale pale ili izoee. Akavaa suruali yake pana, akatoka kwenda kuanika shuka, akingoja ngozi ikauke ikiwa imevutwa.

Mimi nilizima pasi. Moyo wangu ulikuwa umetulia kwa namna ya ajabu, nikajua ndiyo siku. Nikatoka uani kumtafuta ili nimwage yote. Shuka zilikuwa zimetanda kamba zote, safu baada ya safu, na nikaingia kati yake. Napenda mle ndani. Huoni nyumba, huoni ukuta, huoni majirani. Unaona weupe unaopumua na kivuli chako kinachokutangulia. Kitambaa chenye maji kinakugusa shavu kama kinakuuliza unakwenda wapi. Nilitembea pole pole nikijirudia maneno yangu, na kila safu niliyopita ilinifanya nijione niko mbali zaidi, nimeshafika kwa mdogo wangu, nimeshakuwa mwanamke mwingine anayeshona mapazia na kucheka ovyo. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa mwepesi. Nikapenua shuka ya mwisho, nikamkuta.

Alikuwa amesimama ameishika kamba kwa mikono miwili. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Povu," nikasema, "mimi naondoka."

"Ngoja kwanza."

"Nimengoja sana, mume wangu. Nimechoka."

"Naelewa. Lakini ngoja. Siwezi kutembea."

"Huwezi kutembea umefanya nini?"

Akatazama chini. Akatazama shuka. Akatazama mbingu, akaona nako hakuna msaada. "Imekwama," akasema.

"Nini imekwama?"

Akalegeza mkanda akanionyesha, pale pale katikati ya shuka za nyumba ya wageni. Ile ngozi ilikuwa imekaza nyuma ya kichwa cha uume kama mpira wa kufungia mifuko. Mbele ya mkazo huo kumevimba, kunang'aa, na kichwa kimeanza kuwa na rangi ya zambarau. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, harakaharaka, yote niliyokwisha kuyasimulia hapo juu: muwasho, sabuni ya kola, stoo, sweta.

Nilikasirika. Sijawahi kukasirika hivyo maishani. Kumbe nilikuwa nimemlilia mwanamke asiyekuwepo! Kumbe huyu mtu alikuwa anakufa na tai shingoni, hatua chache kutoka kwenye pasi yangu, akaona bora anipoteze kuliko aniambie ngozi imembana! Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba. Nikamwegemeza begani mwangu mpaka barazani, nikampigia simu shemeji, kaka yake, ambaye ni dereva wa teksi.

Shemeji alifika na utani wake kama kawaida. "Kulikoni, shemeji, mbona ndugu yangu anatembea kama kuku anayetafuta pa kutaga?" Kisha akamwona uso, utani ukamkauka mdomoni. Akafungua mlango wa nyuma, akatandika taulo. Njia nzima hakuuliza tena, ila kila penye shimo alisema, "Pole, ndugu yangu, pole." Povu alifumba macho. Mimi nilitazama nje, na mji ulikuwa unapita mbali sana, na kila kamba ya nguo niliyoiona kwenye vibaraza ilinitia uchungu.

Tabibu aliyetupokea kituo cha afya alikuwa mwanamke, mdogo kwetu kwa umri. Povu alipomwona aligeuka kutaka kuondoka, lakini aende wapi?

"Shikamoo, baba," akasema tabibu.

"Marahaba," akajibu, meno yameumana.

Tabibu akatazama mara moja tu, akaanza kuvaa glavu. Akaniambia naweza kusubiri nje. Kabla sijanyanyuka, Povu akasema, "Abaki." Neno lenyewe lilitoka limekwaruza. Nikabaki.

Alimpaka dawa ya ganzi, akamwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kisha akaushika ule uvimbe kwa shashi na kuubana ndani ya kiganja chake. Aliubana tu, bila haraka, kwa muda mrefu, akimwambia apumue. Nilikuwa nimekishika kichwa cha mume wangu. Chumba kilikuwa cheupe, dirisha lina pazia jepesi, feni inazunguka pole pole, na nje mtu anafagia. Ule mfagio ulinichukua. Niliona kama sote watatu tumekaa chini ya maji tulivu na hakuna mtu mwenye la kuficha. Uvimbe ulikuwa unapungua kidogo kidogo mkononi mwa yule binti. Alipoona umelegea, akasukuma kichwa cha uume nyuma kwa vidole gumba huku akiivuta ngozi mbele, na ikavuka. Povu akatoa pumzi ndefu mpaka machozi yakamtoka.

"Umewahi," tabibu akasema. "Ungelala nayo mpaka kesho, damu ingekosa njia na sehemu ile ingeanza kufa. Hii ni dharura, baba. Ikitokea tena unakuja hapo hapo, hata kama umevaa taulo."

"Nimesikia."

"Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Na huku unaoshea nini?"

Nikamjibia mimi: "Sabuni ya kola."

Tabibu alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepigwa na harufu. "Baba, huko hakuna kola," akasema. "Unaosha kwa maji safi ya vuguvugu, basi. Unaivuta ngozi nyuma mpaka pale pasipouma, unaosha, unafuta, na unairudisha mbele. Kila mara unairudisha. Hata ukitoka kukojoa, unairudisha."

"Nilidhani nikiiacha itazoea," Povu akasema. "Kama sweta."

"Sweta haina damu," tabibu akamwambia, na hakucheka, nami namshukuru mpaka leo kwa kutocheka.

Akamtoboa kidole kupima sukari, maana alisema wanaume wengi wa umri wake wakianza kuwashwa na kubanwa hivyo, kumbe ni kisukari kinabisha hodi. Sukari ilikuwa sawa. Akatueleza kwamba uvimbe ukishaisha ataanza kupaka krimu yenye steroidi, kidogo, pale penye mkazo tu, kwa wiki kadhaa, huku akiinyoosha ngozi taratibu bila kuilazimisha. Ngozi za watu wengi hulegea kwa hiyo krimu. Kovu likikataa, kuna upasuaji mdogo wa kuipanua ngozi, au tohara kamili, kwa ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. "Hakuna cha aibu hapa," akasema. "Wanakuja vijana, wanakuja wazee. Wote wananiambia wako peke yao."

Tuliporudi nyumbani, shuka zilikuwa zimekauka na kukakamaa kambani. Nikazianua mwenyewe. Povu alikaa kwenye kigoda akinitazama, na nilijua anatazama kama nitaondoka au nitabaki.

"Mkoba sijaufungua," nikamwambia.

"Nimeuona."

"Krimu utapewa ya ngozi. Ya mdomo hakuna. Nitakungoja upone, kwa sababu simwachi mgonjwa. Lakini ukipona na bado unaniambia kazi zimekuwa nyingi, nakwenda kwa mdogo wangu. Wala sitakuwa na hasira."

"Naelewa, mama."

"Kuelewa umeshaelewa sana."

Uvimbe ulipokwisha alianza krimu, na alijitibu kwa nidhamu ile ile anayofulia. Kilichomshinda ni kutofikicha. Nilimkuta siku moja bafuni amesimama na kipande cha sabuni mkononi, anakitazama kwa hamu, nikamnyang'anya bila kusema neno. Akacheka kwa aibu. Kila aliporudi kwa tabibu alirudi na habari njema kidogo: mkazo umelegea, ngozi inasogea, endelea, usikimbilie. Mkojo ukaanza kutoka vizuri. Shemeji alirudisha utani wake, akawa akipita na teksi anapunguza mwendo na kupaza sauti, "Kuku ameshataga?" Povu anamrushia kibanio cha nguo. Yote hayo yalinifurahisha, na bado nikipiga pasi sikuwa naingia tena kwenye vyumba vya watu. Mvuke ulikuwa ukinileta chumbani kwetu tu, na kila nilipoingia nilikuta kimya kimekaa kitandani.

Kisha siku moja ya mapumziko mvua ikanyesha tangu asubuhi. Shuka zilikuwa zimejaa maji na wenyewe wanazitaka, kwa hiyo tukafunga kamba ndani, tukaanika sebuleni, koridoni, mpaka chumbani. Baada ya chakula nikajilaza. Kitanda kilikuwa kimezungukwa na weupe pande zote, na mvua juu ya bati ilikuwa imetulia katika mdundo mmoja. Sikujua kama nimelala au niko macho nilipoona shuka inapenuliwa na mume wangu anaingia, amebeba mto wake kutoka stoo.

"Kuna nafasi?" akauliza.

"Kitanda ni kile kile."

Akalala. Tukasikiliza mvua. Harufu ya nguo mbichi ilikuwa nzito na tamu, mwanga umekuwa wa maziwa, na sikuona mwisho wa chumba. Aliniambia tabibu amemruhusu, mradi isiwe na maumivu. Nikasema sawa. Akanigeukia, nami nikamgeukia, na ilikuwa kama kurudi kwenye nyumba uliyohama zamani, unapapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa naogopa.

Mkono wangu uliposhuka, nikausikia mwili wake umekaza. Naijua hiyo hali. Ndivyo ilivyokuwa ikianza zamani: bega linakuwa gumu, pumzi inakatika, halafu anainuka, anasema kuna nguo amezisahau kwenye maji, anakwenda. Nikafumba macho ili nisimwone akiinuka. Nikasubiri kitanda kisogee. Niliyaona mapazia ya mdogo wangu yananingoja, nikayaona mpaka rangi zake.

Kitanda hakikusogea. Mvua ilinyesha, naye akameza mate, akasema karibu na sikio langu, kwa sauti ya mtu anayejifunza kusema:

"Hapo panauma."

Mume wangu amewahi kuniambia maneno matamu, siku za uchumba alikuwa hodari wa hayo. Hakuna hata moja lililonifikia kama hilo. Nilianza kulia, akadhani amenikosea, akataka kuomba radhi.

"Usiombe radhi," nikamwambia. "Nionyeshe wapi."

Akaushika mkono wangu, akausogeza.